Shajara ya mradi: kuchagua kiendelezi cha kusomea na kuhifadhi kurasa za wavuti

Jumamosi, 12 Julai 2025: Alamisho 61 zilizokufa

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga, na tangu mwaka 2016 nimekuwa nikikusanya kurasa za wavuti kuhusu kilimo cha muhogo kwa ajili ya klabu ya kilimo ya shule. Kwetu muhogo ni chakula na ndio fedha ya madaftari na sare, na magonjwa yake tumeyarithi: michirizi ya kahawia ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, hapa juu yetu kwenye milima ya Usambara, na hadi leo mkulima hung'oa shina lenye majani mengi akakuta kiazi kimejaa madoa makavu ya kahawia. Mwanafunzi anayejifunza kuutambua ugonjwa huo anahitaji picha kuliko anavyohitaji maelezo yangu.

Shule ina kompyuta tatu zilizotumika na haina intaneti. Mtandao wote hutoka kwenye bando la simu yangu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa naweka alamisho kwenye kivinjari nikiamini kwamba nimehifadhi. Wiki hii nimezipitia zote, 214 kwa hesabu, na 61 hazifunguki. Nyingine ni za miradi ambayo ufadhili wake ulikwisha na tovuti ikaachwa, na nyingine ni blogu za Kiswahili zilizofungwa baada ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu wawe na leseni ya kulipia. Nilichokuwa nimehifadhi ni anwani tu, na kosa hilo ni langu.

Wiki hii hii, Jumanne tarehe 8, huduma ya Pocket imefungwa. Ilianza mwaka 2007 kwa jina la Read It Later, ikanunuliwa na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, mwaka 2017, na watu wengi waliitegemea kuweka makala za kusoma baadaye. Kabla yake, mwezi Novemba 2024, ilifungwa Omnivore, huduma ya aina hiyo hiyo, ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) ulikuwa huria, yaani wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, na huduma yake ilikuwa bure. Sikuwahi kutumia hata moja, lakini habari hizo zimenisaidia kuweka masharti kabla sijaanza kujaribu chochote: nakala ikae kwenye diski yetu wenyewe, ifunguke katika kivinjari chochote bila kuhitaji kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kilichoitengeneza, iwe na picha zake zote ndani, isidai akaunti, na isitugharimu chochote zaidi ya bando.

Jumamosi, 19 Julai 2025: Njia zisizohitaji kiendelezi

Niliona ni haki kuanza na kile ambacho kivinjari chenyewe kinaweza kufanya, maana kiendelezi kisichohitajika ni mzigo. Nilijaribu njia tatu kwa ukurasa ule ule, wenye picha kumi na moja za majani na mashina yenye ugonjwa.

Kuhifadhi ukurasa "kamili" hutoa faili la HTML pamoja na folda yenye picha na mapambo yake. Kwenye kompyuta yangu ulifunguka vizuri. Nikampa mwanafunzi mmoja flashi akanakili, naye akachukua faili peke yake, kwa sababu hakuna kitu kinachomwambia kwamba ile folda ya pembeni ni sehemu ya ukurasa. Alipofungua akaniuliza, "Mwalimu, jani liko wapi?" Njia ambayo nakala yake inaweza kukatwa vipande viwili bila mtu kujua haifai kwa mafaili yatakayopita mikono mingi.

Kuchapisha katika PDF kulitoa faili moja, lakini jedwali la aina za mbegu lilikatwa upande wa kulia, na kwenye simu maandishi yalibaki madogo, ikabidi msomaji avute ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Njia ya tatu, ile ya Chrome ya kuhifadhi ukurasa katika faili moja la MHTML, ilitunza picha zote. Ila Firefox, ambayo ndiyo iliyowekwa kwenye kompyuta mbili kati ya tatu za shule, haifungui mafaili ya aina hiyo. Zamani ilikuwa na viendelezi vya kuyafungua, lakini Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017 viendelezi vya mfumo wa zamani vilikoma kufanya kazi, na waliokuwa wamejaza hazina zao kwa mafaili hayo wakabaki na kabati lisilo na ufunguo. Sharti la pili nimelipigia mstari kwa sababu hiyo.

Jumamosi, 26 Julai 2025: Viendelezi vya kusomea

Wiki hii nilitaka wepesi wa kusoma: ukurasa uondolewe matangazo na vitufe, yabaki maandishi na picha. Firefox ina mwonekano wa kusoma ndani yake, na kwenye Windows kitufe cha F9 kinatosha kuuwasha. Chimbuko lake ni programu ya Readability iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Arc90, na viendelezi vingi vya kusomea hutumia mbinu ile ile ya kupima ni sehemu gani ya ukurasa yenye aya ndefu, kisha kutupa zilizobaki. Mbinu hiyo ni nzuri kwa makala ya gazeti. Kwa ukurasa wetu wa muhogo ilitupa picha sita, kwa sababu zilipangwa kama vigae upande wa kulia, nje ya aya.

Makosa mawili ya wiki hii nayaeleza kwa kirefu ili mwingine asiyarudie.

La kwanza: niliweka kiendelezi kimoja cha kusomea, ambacho sitakitaja, kwa kuwa kilikuwa na nyota nyingi, na nikabonyeza kitufe cha kukubali ruhusa bila kusoma. Baada ya siku mbili kikaomba niingie kwa barua pepe ili niendelee kusoma, na nilipofungua orodha ya ruhusa nikaona nilishakiruhusu kusoma na kubadilisha data yangu katika tovuti zote, ikiwemo ile ninayoingizia alama za wanafunzi. Nimekiondoa na kubadilisha nywila. Ni lazima niseme kweli kwamba karibu kila kiendelezi cha kuhifadhi kurasa huhitaji ruhusa pana kama hiyo, maana hakiwezi kunakili kile ambacho hakiwezi kukisoma. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani anakitunza, msimbo wake uko wazi au la, na kama kimebadilisha mikono. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana cha kupumzisha vichupo (kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja katika kivinjari), kiliuzwa mwaka 2020 kwa mtu ambaye hakujitambulisha, na Februari 2021 Google ikakiondoa dukani kwa kuwa na msimbo hasidi. Watumiaji hawakuwa wamefanya chochote kipya. Kiendelezi kilijisasisha chenyewe.

La pili: nilijaribu Obsidian Web Clipper, kiendelezi cha bure kinachogeuza ukurasa kuwa maandishi ya Markdown, yaani maandishi matupu yenye alama chache za mpangilio. Mafaili yake ni madogo mno, kilobaiti chache tu, nami nilifurahi nikahifadhi kurasa ishirini jioni moja. Nikazikagua nyumbani, picha zote zikaonekana. Jumatatu, mbele ya klabu, hakuna picha hata moja iliyotokea. Katika mipangilio niliyoikuta, kilichoandikwa ndani ya faili ni anwani ya picha, na nyumbani nilikuwa nazivuta upya kutoka mtandaoni kila nilipofungua, bila kujua. Tangu siku hiyo sikagui nakala yoyote kabla ya kuzima data ya simu.

Jumamosi, 2 Agosti 2025: SingleFile na WebScrapBook

Viendelezi viwili vimepita masharti ya mwanzo, na vyote msimbo wake ni huria.

WebScrapBook ni mrithi wa ScrapBook, kiendelezi cha zamani kilichokufa pamoja na mfumo ule wa kabla ya Firefox 57. Ni kabati kamili: ina upau wa pembeni wa kupanga kurasa kwa mada, inaweza kuhifadhi ukurasa pamoja na kurasa zinazounganishwa nao, na ukiweka programu yake ya seva kwenye kompyuta unaweza kutafuta ndani ya hazina yote. Kwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake na subira ya kuipanga, ningeipendekeza. Lakini sehemu kubwa ya uzuri wake inahitaji kiendelezi kiwepo, na aina ya faili lake la HTZ, ambalo ni zipu yenye ukurasa ndani yake, halifunguki moja kwa moja kwenye kivinjari kisicho nacho.

SingleFile, iliyoandikwa na Gildas Lormeau, inafanya jambo moja. Unabonyeza aikoni yake, unasubiri, na linashuka faili moja la HTML lenye maandishi, mapambo na picha zote. Picha hugeuzwa kuwa maandishi na kuandikwa ndani ya faili lenyewe, jambo linaloongeza ukubwa wa kila picha kwa theluthi moja hivi, kwa kuwa kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Nililifungua faili hilo kwenye Firefox, kwenye Chrome, na kwenye simu ya Android ya mwenzangu ambaye hajawahi kusikia habari za kiendelezi hiki, na kote likafunguka bila mtandao.

Jambo dogo lililonishawishi kabisa nililiona nilipofungua faili hilo kwenye Notepad. Mistari ya juu kabisa, ambayo msomaji wa kawaida haioni, inataja kwamba ukurasa ulihifadhiwa kwa SingleFile, kisha inaandika anwani ya asili na tarehe na saa ya kuhifadhi. Hata faili likibadilishwa jina mara kumi na kuzunguka wilaya nzima kwenye flashi, chanzo chake kimo ndani yake. Kwa mwalimu anayewadai wanafunzi wake wataje walikopata habari, hilo lina uzito.

Nimechagua SingleFile. Kwa anayeandika tasnifu, Zotero, programu ya kutunza marejeo, ingekuwa bora zaidi kwa sababu huunganisha nakala ya ukurasa na taarifa za marejeo, na nakala hiyo yenyewe huitengeneza kwa msimbo wa SingleFile. Lakini sisi hatuandiki tasnifu.

Jumamosi, 16 Agosti 2025: Kurasa 40 za kurudia

Nilihifadhi kurasa 112 katika siku kumi, kisha nikagundua kwamba 40 kati yake zina upungufu. Kosa lilikuwa langu mara mbili.

Kurasa nyingi za siku hizi hazipakii picha zote kwa pamoja. Picha ya chini hungoja mpaka msomaji ateremke karibu nayo, na kabla ya hapo mahali pake hukaa kisanduku cha kijivu. SingleFile ina mpangilio wa kuziita picha hizo kabla ya kuhifadhi, nao huwa umewashwa tangu mwanzo, ila husubiri kwa muda uliowekwa tu. Kwa mtandao wa simu yangu, unaoshuka kila jioni watu wanaporudi nyumbani, muda huo ulikuwa unakwisha kabla picha hazijafika. Matokeo yake nilikuwa na ukurasa mzuri kuhusu batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, wenye picha mbili za juu zilizo kamili, jani lililojikunja lenye mabaka ya njano na kijani, na chini yake visanduku vitano vya kijivu mahali palipotakiwa kuwa na nzi weupe, wale wadudu wanaoeneza batobato na michirizi ya kahawia, wakiwa wamejipanga mgongoni mwa jani.

Upande wa pili wa kosa ni kwamba nilikuwa nakagua kichwa cha habari na aya ya kwanza tu. Visanduku vyote vilikuwa chini.

Marekebisho ni haya. Nimeongeza muda wa kusubiri picha zinazochelewa katika mipangilio ya SingleFile mpaka sekunde kumi. Nahifadhi alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, mtandao ukiwa mwepesi. Na kabla ya kubonyeza aikoni nateremka mwenyewe mpaka mwisho wa ukurasa polepole, kisha napanda tena juu. Ukaguzi sasa unaanzia chini.

Nimeweka pia uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwenye Firefox, ambako bado inafanya kazi kikamilifu, wakati Chrome imeacha kuiruhusu baada ya kubadilisha mfumo wake wa viendelezi. Nia yangu ilikuwa kuokoa bando, lakini faida kubwa zaidi imekuwa kwenye nakala: ukurasa mmoja uliokuwa wa megabaiti 4.1 pamoja na matangazo umeshuka hadi megabaiti 1.6, na mwanafunzi haoni tena tangazo la mkopo katikati ya maelezo ya kuchagua pingili za kupanda. Kurasa 40 za kurudia zimenigharimu shilingi 6,000 za bando.

Jumamosi, 23 Agosti 2025: Kilichofichwa, na kilichoonekana kisivyotakiwa

Ukurasa mmoja wa maswali na majibu ya wakulima ulihifadhiwa ukiwa na maswali tu. Majibu yake hufunguka kwa kubonyeza kila swali, na SingleFile, ili kupunguza ukubwa, huondoa sehemu ambazo hazionekani wakati wa kuhifadhi, na huondoa pia msimbo unaoviendesha vitufe. Kwa hiyo hata kubonyeza kwenye nakala hakusaidii. Dawa ya kwanza ni kufungua majibu yote kabla ya kuhifadhi, na ndiyo niliyoitumia. Dawa ya pili ni kuzima mpangilio wa kuondoa sehemu zilizofichwa, lakini baadhi ya kurasa nilizojaribu zilivimba na kuonyesha menyu zilizopandana.

La pili ni zito zaidi. Katika kurasa saba nilizohifadhi kutoka kwenye tovuti ninayoingia kwa akaunti, pembeni juu kulikuwa na jina langu na barua pepe yangu, na katika mmoja, orodha ya ujumbe niliotumiwa. Kiendelezi kilifanya kazi yake: kilinakili nilichokuwa nakiona. Niligundua kabla ya kugawa flashi, namshukuru Mungu. Sasa kila ukurasa unaokwenda kwa wanafunzi nauhifadhi kwenye dirisha la faragha bila kuingia akaunti yoyote, na ili hilo liwezekane ni lazima kwanza uende kwenye mipangilio ya viendelezi ukairuhusu SingleFile ifanye kazi katika madirisha hayo.

Nilijaribu pia kuwasha mwonekano wa kusoma wa Firefox kisha nihifadhi kutoka hapo, nikagonga ukuta, kwa sababu Firefox hairuhusu viendelezi kugusa kurasa zake za ndani. Njia iliyofaulu ni kutumia kihariri cha SingleFile chenyewe, kinachofunguka ukichagua kuhifadhi pamoja na maelezo: kina kitufe cha kuupanga ukurasa kwa usomaji mwepesi, kalamu za kupakia rangi mistari muhimu, na vikaratasi vya kubandika maelezo. Kwenye picha ya shina lenye michirizi nimebandika kikaratasi kinachosema, "Tazama sehemu ya kijani ya shina, si ile iliyokomaa," nacho kimebaki ndani ya faili.

Jumamosi, 6 Septemba 2025: Kuwatafuta waliokufa

Kwa zile anwani 61 nilikwenda Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za wavuti za zamani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001 na yenye nakala za tangu 1996. Nimepata 38. Katika saba kati ya hizo picha hazikuwahi kunakiliwa, nimebaki na maandishi matupu.

Kuhifadhi ukurasa kutoka huko kulinipa shida ambayo sikuitegemea. Nakala zangu za kwanza zilishuka pamoja na upau mpana wa Wayback Machine wenye kalenda, uliofunika kichwa cha habari kwenye simu. Nikasoma kwamba ukiongeza herufi "id_" mara baada ya tarakimu za tarehe kwenye anwani, unapewa ukurasa kama ulivyokuwa. Ni kweli, upau uliondoka, lakini na picha ziliondoka, kwa sababu ukurasa wa asili unaziita picha kutoka kwenye tovuti ambayo haipo tena. Nilipoteza asubuhi mbili hapo. Herufi zinazotakiwa ni "if_": upau hauonekani, na picha zinaendelea kuitwa kutoka kwenye ghala. Nimerudia kurasa zote kwa njia hiyo.

Nimeweka pia kiendelezi cha Internet Archive, si kwa kusomea, bali ili kila ukurasa ninaouhifadhi kwangu niupeleke na kule kwa kubonyeza mara moja. Siwezi kulitegemea ghala lile peke yake, kwani Oktoba 2024 lilishambuliwa na wadukuzi likawa halipatikani kwa siku kadhaa; lakini yupo mwalimu mwingine, Masasi au Kilifi, atakayeutafuta ukurasa huo huo baada ya kufa, na mimi nimefaidika na nakala 38 zilizowekwa huko kabla yangu.

Jumamosi, 27 Septemba 2025: Hesabu na ugawaji

Mafaili ni 191: 153 ya kurasa zilizokuwa hai na 38 kutoka ghalani. Yote kwa pamoja ni megabaiti 262, kwa hiyo flashi ndogo kabisa ya dukani inatosha na kubaki. Majina yanaanza na tarehe ya kuhifadhi, kisha kichwa cha ukurasa, mpangilio unaowekwa mara moja katika SingleFile na kujirudia wenyewe.

Fedha zilizotumika ni shilingi 21,000 za bando, zikiwemo zile 6,000 za kurudia, na shilingi 48,000 za flashi nne. Viendelezi havikunigharimu kitu. Kama ningelijua suala la picha zinazochelewa na lile la "if_" tangu mwanzo, bando lisingezidi shilingi 14,000.

Kuhusu haki za wenye kurasa: makala za Wikipedia ya Kiswahili zina leseni inayoruhusu kugawa kwa sharti la kutaja chanzo, na mistari ile ya juu ya faili inatimiza sehemu ya sharti hilo. Kwa tovuti nyingine nimewaandikia wenyewe. Tano wamejibu na kukubali, mmoja amekataa, na faili lake nimelitoa kwenye flashi zote. Ambao hawajajibu, kurasa zao zimebaki kwenye kompyuta yangu kwa matumizi yangu.

Mipangilio yangu ya SingleFile nimeitoa kama faili, jambo ambalo kiendelezi kinaruhusu, na nimeliweka katika folda ya kwanza ya kila flashi pamoja na shajara hii, ili anayetaka kuiga aanzie hapo nilipofikia. Anwani 23 ambazo sikuzipata popote nimezichapa na kuzibandika kwenye mlango wa chumba cha klabu. Jana bwana shamba mstaafu anayeishi njia ya kwenda Amani aliisoma orodha hiyo, akaniambia kwamba ukurasa wa namba 17, wa kupima mbegu kwa kukata kiazi vipande vitano, aliuchapa kwenye karatasi mwaka 2019 na anao. Nitamfuata Jumatatu baada ya kipindi cha nne.